Harufu tamu ya thina isikudanganye, mzazi

Kuna kemikali ambazo zinakuonya zenyewe. Ukifungua chupa ya jiki, unakunja pua. Ukifungua dumu la mafuta ya taa, hata mtoto wa miaka mitatu anageuza uso. Lakini ipo jamii moja ya kemikali za majumbani ambayo haimwonyi mtu. Inanukia ndizi mbivu, au peasi, au zile pipi za matunda zinazouzwa moja moja dukani kwa Mangi.

Mzazi, unaishi nayo. Imo kwenye kichupa cha kutolea rangi ya kucha kilicho juu ya meza ya vipodozi. Imo kwenye thina ya fundi rangi, kwenye baadhi ya gundi za fundi viatu, na kwenye vanishi iliyopakwa juzi kwenye kitanda kipya cha watoto. Ukisikia harufu ya matunda mahali ambapo hakuna tunda, mara nyingi ni yenyewe.

Niseme msimamo wangu mapema. Sina ugomvi na wanaotumia vimiminika hivi. Bila hivyo hakuna gari litakalopakwa rangi wala saluni itakayofanya kazi. Ugomvi wangu ni na tabia moja ambayo tumeizoea hadi hatuioni tena: kuvihamishia kwenye chupa za soda na za maji ya kunywa. Kimiminika cheupe kama maji, kinachonukia kama pipi, kwenye chupa ambayo mtoto anaijua kuwa ni ya kinywaji. Hapo tumemtegea mtoto mtego, halafu akinywa tunasema ni mtundu.

Kwanza tufahamiane na chenyewe. Wataalamu wa kemia huziita kemikali hizi esta. Esta hupatikana kileo kinapoungana na asidi. Kileo cha kawaida kikiungana na asidi iliyomo kwenye siki, hupatikana ethaili asetati, ambayo ndiyo maarufu kuliko zote kwenye viyeyushi, yaani vimiminika vinavyotumika kuyeyusha rangi, gundi na vanishi. Nduguze ni butaili asetati, inayotumika sana kwenye rangi za magari na rangi za kucha, na isoamaili asetati, ambayo mafundi wa zamani waliiita mafuta ya ndizi kwa sababu ndiyo hasa inayoipa ndizi mbivu harufu yake. Kwenye lebo majina haya huandikwa kwa Kiingereza, na yote huishia na neno "acetate". Ukiliona neno hilo, umefika.

Asili nayo inazitengeneza. Tunda likiiva huzitoa, na divai huwa nazo kidogo. Hata nyuki anayo: mwaka 1962 wanasayansi walitambua kwamba nyuki akichoma huachia isoamaili asetati, na harufu hiyo huwaita wenzake waje kushambulia. Ndiyo maana wafugaji wa nyuki hushauriwa wasile ndizi karibu na mizinga. Msomaji wa Tabora atanielewa. Baadhi ya kahawa na majani ya chai yanayoondolewa kafeini huoshwa kwa ethaili asetati, na kiasi kinachobaki ni kidogo mno kukudhuru.

Sasa hapo ndipo wengi wanapoteleza. Mtu akisikia kwamba kitu kimo kwenye ndizi na kwenye kahawa, anahitimisha kuwa hakina neno. Lakini chumvi nayo imo kwenye chakula chetu cha kila siku, na hakuna mtu anayempa mtoto mchanga kikombe cha chumvi. Kiasi cha esta kilichomo kwenye ndizi moja ni chembe. Kiasi kilichomo kwenye kichupa cha kutolea rangi ya kucha ni karibu kichupa kizima.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi, pengine kwa kuwa nao hawalijui. Thina si kitu kimoja. Ni mchanganyiko, na kila mtengenezaji ana wake. Ndani yake inaweza kuwamo esta inayonukia vizuri, pamoja na toluini au zailini, ambazo huathiri ubongo na mishipa ya fahamu, na nyingine huwa na methanoli, aina ya kileo cha viwandani ambacho kiasi kidogo kinaweza kupofusha macho au kuua. Harufu ya ndizi inazifunika zote. Vivyo hivyo kwa viondoa rangi ya kucha: vingine ni asetoni, ambayo si esta na harufu yake ni kali zaidi, na vingine huandikwa kwa fahari kwamba havina asetoni. Maandishi hayo hayamaanishi kuwa ni salama kwa mtoto. Mara nyingi yanamaanisha tu kwamba mahali pa asetoni imewekwa ethaili asetati.

Kesi ni chupa

Tumeumizwa miaka mingi na mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa za soda. Wahudumu wa wodi za watoto wanaijua hadithi hiyo kwa moyo: mtoto ametoka kucheza, ana kiu, ameona chupa chini ya meza au nyuma ya mlango, amepiga funda. Mafuta ya taa yana bahati moja kwamba yananuka, hivyo watoto wengi huishia kwenye funda la kwanza. Thina na kiondoa rangi ya kucha havina kizuizi hicho cha pua. Harufu yenyewe inamkaribisha.

Mtoto mdogo anaijua dunia kwa mdomo. Tangu anapoanza kutambaa hadi anapokaribia kuanza shule, kila anachookota hukipeleka mdomoni kwanza. Hasomi lebo. Anasoma umbo la chupa na rangi ya kifuniko. Na kwa kuwa mwili wake ni mdogo, funda ambalo wewe lingekuunguza koo tu, kwake linaweza kumlaza hospitalini.

Nasikia hoja ya upande wa pili na ninaiheshimu. Mtu anapaka rangi dirisha moja, au anasafisha brashi mbili. Hana fedha ya kununua kopo la lita 4, wala hana haja nalo. Anakwenda dukani na chupa tupu ya maji, anapimiwa ya shilingi alizonazo, anarudi nyumbani. Kumwambia mtu huyu anunue kopo zima ni kumdhihaki.

Ndiyo maana sitaki lawama hii imwangukie mama peke yake, kama kawaida yetu. Duka linalopima thina kwa robo lita linaweza kuwa na vichupa vya robo lita. Viwe na kifuniko kigumu ambacho mtoto hawezi kukifungua, na viwe na lebo inayosema kilichomo, yenye ile alama ya mwali wa moto ndani ya umbo la almasi lenye ukingo mwekundu. Wauza dawa wanaweza kukupa vidonge 10 kwenye kibahasha chenye maandishi. Sioni kwa nini muuza kemikali inayowaka asiweze. Sheria ya usimamizi na udhibiti wa kemikali za viwandani na majumbani tunayo nchini tangu 2003, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Neno "majumbani" halikuwekwa kwenye jina la sheria hiyo kwa urembo. Ningependa kuliona likifanya kazi kwenye maduka ya rangi ya mitaani, si viwandani tu.

Wakati tunasubiri hayo, yapo unayoweza kuyafanya leo. Kama fundi anakuja kukufanyia kazi, thina iwe yake, aje nayo na aondoke nayo. Usikubali akuachie "hiyo kidogo iliyobaki, itakufaa". Haitakufaa. Kama ni lazima ununue kwa kupimiwa, nenda na chombo ambacho hakijawahi kuwa cha chakula wala kinywaji, chenye kifuniko kinachobana, na uandike juu yake SUMU kwa kalamu isiyofutika. Kiwe cha bati au glasi ukiweza, kwa sababu viyeyushi hivi hula baadhi ya plastiki; ukivimimina kwenye kile kikombe cheupe cha povu cha kunywea kahawa utakiona kinayeyuka mkononi mwako. Nyumbani kiwekwe juu, kwenye kabati linalofungwa, mbali na jiko. Chini ya kitanda si kabatini. Hapo ndipo mtoto anapofika kwanza.

Kichupa cha rangi ya kucha nacho usikidharau kwa udogo wake. Najua akina mama wanavyowapaka watoto wao wa kike rangi siku ya sikukuu, na sina neno. Ila ukimfuta, mfute ukiwa naye, funga kifuniko kabla hujachukua pamba ya pili, kisha mwoshe vidole kwa sabuni, maana dakika mbili baadaye atakuwa anavinyonya.

Akishakunywa

Jambo la kwanza ambalo majirani watakuambia ni umtapishe. Usimtapishe. Usimtie kidole kooni, usimpe maji ya chumvi, usimning'inize kichwa chini. Thina ni nyepesi na inateleza. Inapopanda tena kutoka tumboni, tone kidogo linaweza kupotea njia na kuingia kwenye mapafu, na huko ndiko linakoleta madhara makubwa kuliko tumboni. Mapafu huvimba, mtoto anashindwa kupumua, na hali hiyo inaweza kuonekana saa kadhaa baadaye, wakati nyinyi mmeshashukuru Mungu kwamba amepona.

Jambo la pili watakaloleta ni maziwa. Au mafuta ya kula, au maji ya dafu, au mkaa uliosagwa. Nia yao ni njema. Lakini kumjaza mtoto tumbo kunaongeza uwezekano wa kutapika, nasi tumeshaona kutapika kunaleta nini. Msukutue mdomo kwa maji ayateme, kama ana umri wa kuelewa. Mvue nguo zilizomwagikiwa na umwoshe ngozi kwa maji na sabuni. Kama kimemwingia machoni, mwoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 zisizopungua, ukiwa umemfungua kope, hata akilia. Kisha nendeni hospitali. Kama amelegea au ana usingizi usio wa kawaida, mlaze kwa ubavu njiani, si chali.

Beba chupa yenyewe, na mabaki yake, hata kama haina lebo. Kama ilinunuliwa dukani, mtu mmoja apige simu au akimbie dukani kuuliza ni thina gani. Daktari anayejua kwamba mtoto amekunywa kiondoa rangi ya kucha chenye esta atamwangalia kwa namna moja. Akijua kuna methanoli, atafanya mengine kabisa, na mapema. Esta yenyewe ikifika mwilini huvunjwa kuwa kileo na asidi ya siki, na kileo kinaweza kushusha sukari ya mtoto mdogo, hivyo wahudumu watataka kumpima sukari pia. Waachie.

Na hili ni la moyoni. Wazazi wengi hufika hospitalini wakiwa na aibu, basi husema "ameanza tu kukohoa" au "ametapika tangu asubuhi". Hofu ya kukemewa na muuguzi inamfanya mzazi afiche kitu pekee ambacho kingemsaidia mtoto. Sema amekunywa nini, saa ngapi, kiasi gani kwa makadirio, na kama ulishampa kitu kingine. Kama ulimtapisha kabla hujasoma makala hii, sema. Wenzangu wa mapokezi nanyi, mzazi akisema ukweli, hotuba iahirisheni.

Akionekana mzima baada ya funda moja, bado apelekwe. Kikohozi, kupumua haraka, mbavu kubonyea anapovuta pumzi, homa au usingizi mzito ni dalili za kurudi hospitalini mara moja, hata kama mliruhusiwa.

Hewa tunayoifungia ndani

Sumu hii haipiti mdomoni tu. Vimiminika hivi hukauka haraka, na kukauka maana yake vimehamia kwenye hewa unayoivuta. Mvuke wake husababisha macho kuwasha, koo kukereketa, kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Mwenye pumu anaweza kubanwa. Kwa mtu mzima mwenye afya, ukitoka nje ukapata hewa safi, mambo mengi hutulia.

Tatizo ni kwamba pua huzoea. Ukikaa kwenye harufu hiyo dakika kadhaa hutaisikia tena, ingawa bado ipo palepale. Kwa hiyo mtu anayekuambia "mbona harufu imekwisha" muulize amekaa humo muda gani. Mwite aliyetoka nje ndiyo aamue.

Mvuke wa ethaili asetati ni mzito kuliko hewa, karibu mara tatu. Unashuka na kutambaa sakafuni. Sasa fikiria chumba kimoja cha kupanga, kitanda kimepakwa vanishi asubuhi, dirisha limefungwa kwa sababu ya mbu, na mtoto amelazwa kwenye godoro chini. Mkubwa aliyesimama anavuta kidogo. Mtoto aliye chini amelala ndani yake. Fanicha iliyopakwa ikae nje kivulini hadi harufu iishe kabisa, na iishe kwa pua ya mtu mwingine. Kama ni kitanda cha mtoto mchanga, kifanyieni kazi wiki kadhaa kabla hajazaliwa, na mjamzito asiwe ndiye anayepaka.

Akina dada wa saluni, nyinyi mnakaa humo siku nzima, na wengine mna watoto mgongoni. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani hakileti hewa mpya. Kinaipoza ileile na kuizungusha. Barakoa ya kitambaa au ile ya bluu ya hospitali huzuia vumbi na mate, haizuii mvuke wa kemikali. Kinachosaidia ni uwazi wa pande mbili, hewa iingie hapa itokee kule, chupa ifungwe kila baada ya kutumika, na pamba zilizotumika ziwe kwenye pipa lenye kifuniko. Mama anayenyonyesha asimlaze mtoto chini ya meza ya kucha, hata kama hapo ndipo penye nafasi. Ngozi ya mikono nayo hukauka na kupasuka kwa sababu viyeyushi huondoa mafuta yake ya asili. Fundi anayenawa mikono kwa thina kila jioni anajitafutia ukurutu. Mafuta ya kula kidogo, kisha sabuni, hutoa rangi ya mafuta vizuri tu.

Wazazi wa vijana, nanyi msiniache. Harufu hii hii inayomvuta mtoto mdogo inamvuta kijana kwa sababu nyingine. Kunusa gundi na thina hakuishii kwa watoto wa mitaani wa Dar es Salaam au Nairobi tunaowaona na vichupa mdomoni. Kupo mabwenini pia. Kijana akivuta kwa makusudi, kwa nguvu, ndani ya mfuko, moyo unaweza kupoteza mapigo yake na akafa palepale, na inaweza kutokea mara yake ya kwanza kabisa. Ukikuta nguo zinanukia, vidonda kuzunguka mdomo, au kopo la gundi kwenye begi la mtoto asiyesoma ufundi wowote, usianze na fimbo. Anza na swali, na kituo cha afya.

Moto

Hili halihitaji maneno mengi lakini linahitaji namba mbili. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto hadi yapate joto la nyuzi 38 au zaidi. Ethaili asetati hutoa mvuke huo hata kwenye nyuzi 4 chini ya sifuri, baridi ambayo Dar es Salaam haijui. Maana yake kwenye chumba chako, saa yoyote, chupa ikiwa wazi, kuna kitu cha kuwaka hewani. Na kwa kuwa mvuke unatambaa chini, unaweza kulifuata jiko la mkaa lililo hatua kadhaa mbali, kisha moto ukarudi hadi kwenye chupa.

Kwa hiyo usitoe rangi ya kucha ukiwa umekaa kando ya jiko ukisubiri maharage yaive. Usifute kwa mwanga wa mshumaa umeme ukikatika. Usimwage mabaki chooni au kwenye karo, halafu mwingine akaingia na sigara. Matambara yaliyolowa yatandazwe nje yakauke mbali na moto. Ikitokea imewaka, maji hayasaidii. Kiyeyushi hiki ni chepesi kuliko maji, kinaelea juu yake na kusambaza moto. Mchanga, blanketi zito lililolowekwa, au kifuniko juu ya chombo kama moto bado ni mdogo. Ukiwa mkubwa, toeni watoto, tokeni, pigeni 114.

Wagonjwa mna sehemu yenu hapa. Mnapojiandaa kwa upasuaji au kwenda kujifungua, mnaambiwa mtoe rangi ya kucha, na sababu ni ya msingi: kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kinasoma kupitia ukucha, na rangi inaweza kukivuruga, mbali ya kwamba daktari anataka kuona rangi halisi ya kucha zako. Itoe nyumbani siku moja kabla, mahali penye hewa, unawe mikono. Usiende na kichupa wodini ukaitolee kitandani. Jirani yako anaweza kuwa kwenye oksijeni, na palipo na oksijeni nyingi cheche ndogo huwa moto mkubwa. Ndugu mnaokuja kutazama wagonjwa na mikoba iliyojaa vipodozi, hilo ni lenu pia. Na mnaomtunza mgonjwa wa oksijeni nyumbani, thina na viondoa rangi visiingie chumba hicho kabisa.

Nimeacha jambo moja la mwisho ambalo si la chupa yoyote. Wakati mwingine mzazi anasikia harufu hii ya matunda, au ya kiondoa rangi ya kucha, ikitoka kinywani mwa mtoto, anatafuta nyumba nzima alichokunywa na hakioni. Kama mtoto huyo amekuwa akinywa maji mengi, anakojoa mara kwa mara au ameanza tena kukojoa kitandani, amepungua uzito, na sasa anatapika, tumbo linamuuma na anahema kwa nguvu, huenda harufu hiyo ni asetoni inayotengenezwa na mwili wake mwenyewe kwa sababu ya kisukari. Ni dharura, na ni rahisi kudhaniwa kuwa malaria au kichomi. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana, na muombe apimwe sukari kabla hamjaondoka mapokezi.